Injini ya fizikia katika michezo ya kufyatua risasi

Injini ya fizikia ni sehemu ya programu ya mchezo wa video inayokokotoa jinsi vitu vya mchezoni vinavyosogea, vinavyoanguka, vinavyogongana na vinavyovunjika. Katika michezo ya kufyatua risasi ndiyo inayoamua njia ya risasi, urefu ambao mchezaji anaweza kuruka, nguvu ya mlipuko na namna adui anavyoanguka. Kwa sababu hiyo ina athari kubwa juu ya utamu wa mchezo.

Hata hivyo, utamu huo hautokani na kuiga ulimwengu halisi kwa ukamilifu. Historia ya michezo hii inaonyesha kwamba wachezaji hufurahia zaidi fizikia wanayoweza kuitabiri, kujifunza na kuitumia kwa faida yao, hata pale inapotofautiana na ile inayofundishwa darasani.

Namna inavyofanya kazi

Katika ulimwengu halisi mwendo haukatiki. Kompyuta haiwezi kukokotoa mwendo wa namna hiyo, hivyo hugawanya muda katika hatua ndogondogo, mara nyingi 30 au 60 kwa sekunde. Katika kila hatua injini hufanya kazi nne:

1. Hujumlisha kani zote zinazotenda juu ya kila kitu: uvutano, msuguano, msukumo wa mlipuko na kadhalika.
2. Hutumia sheria ya pili ya Newton kupata mchapuko, yaani kani ikigawanywa kwa masi ya kitu. Kutokana na mchapuko hupata mwendokasi mpya, na kutokana na mwendokasi hupata mahali papya.
3. Huchunguza kama kuna vitu vilivyogusana au kuingiliana.
4. Hutenganisha vitu vilivyoingiliana na kuvipa mwendo mpya kulingana na uzito na ugumu wake.

Ili kazi hiyo imalizike kwa wakati, maumbo hurahisishwa. Mchezaji huona askari mwenye vidole, mikunjo ya nguo na kofia, lakini kwa injini ya fizikia askari huyo anayetembea ni umbo moja rahisi, kwa mfano mche mviringo wenye ncha za duara. Gari huweza kuwa masanduku machache yaliyounganishwa.

Risasi huleta tatizo la pekee kwa sababu ya kasi yake. Risasi yenye mwendokasi wa mita 800 kwa sekunde husafiri zaidi ya mita 13 katika hatua moja ya 1/60 ya sekunde. Kama mbele yake kuna ukuta wenye unene wa sentimita 20, katika hatua moja risasi itakuwa upande huu wa ukuta na katika hatua inayofuata itakuwa upande wa pili, bila injini kugundua kwamba iligonga kitu. Kwa hiyo injini huchora mstari kati ya mahali pa kwanza na mahali pa pili, kisha hutazama kama mstari huo umekata kitu chochote.

Historia

Fizikia iliingia katika michezo ya kufyatua risasi tangu mwanzo kabisa. Spacewar!, mchezo uliotengenezwa mwaka 1962 katika chuo cha MIT nchini Marekani kwa kompyuta ya PDP-1, ulikuwa na vyombo viwili vya anga vinavyopigana karibu na nyota yenye uvutano. Mchezaji mzuri aliweza kutumia uvutano huo kuzunguka nyota na kumjia mpinzani kutoka nyuma. Makombora yenyewe hayakuvutwa na nyota, kwa kuwa kompyuta haikuwa na uwezo wa kukokotoa yote mawili. Tangu siku hizo watengenezaji wamekuwa wakichagua nini kikokotolewe na nini kiachwe.

Mwaka 1993 ilitoka Doom ya kampuni ya id Software. Fizikia yake ilikuwa ndogo, lakini kasi yake na wepesi wa kuitawala viliwavutia watu wengi. Mwaka 1996 kampuni hiyohiyo ilitoa Quake, iliyokuwa na ulimwengu wa pande tatu kamili. Wachezaji waligundua kwamba ukielekeza roketi miguuni pako na kuruka wakati uleule, mlipuko hukurusha juu sana. Ujanja huo unampunguzia mchezaji afya, lakini humfikisha mahali ambapo wengine hawawezi kufika. Baadaye ukawa sehemu ya kawaida ya michezo mingine, kwa mfano Team Fortress 2 ya mwaka 2007.

Mwaka 1998 mchezo wa Trespasser ulijaribu kukokotoa fizikia ya karibu kila kitu. Mchezaji alilazimika hata kuongoza mkono wa mhusika kwa kipanya ili kuokota bunduki. Kompyuta za wakati ule zililemewa, bunduki zilimponyoka mchezaji, masanduku yaliteleza ovyo, na mchezo haukupokelewa vizuri. Trespasser hutajwa mara nyingi kama jaribio lililotangulia wakati wake.

Mwaka huohuo wa 1998 kampuni ya Havok ilianzishwa mjini Dublin, Ireland. Ilitengeneza injini ya fizikia ambayo kampuni nyingine zingeweza kuinunua badala ya kila moja kujitengenezea yake. Injini hiyo ilitumika katika Max Payne 2 (2003) na Half-Life 2 ya kampuni ya Valve (2004). Katika Half-Life 2 mchezaji hupewa silaha inayovuta vitu na kuvirusha, kama vile mapipa, radieta na misumeno ya duara. Pia kuna mahali ambapo hawezi kupita mpaka apakie matofali upande mmoja wa ubao wa pembea ili upande wa pili uinuke. Hapo fizikia haikuwa pambo tena. Mchezaji aliihitaji ili aendelee mbele.

Mwaka 2006 kampuni ya Ageia iliuza kadi maalumu ya kompyuta kwa ajili ya kukokotoa fizikia, pamoja na injini yake iitwayo PhysX. Kadi hiyo haikuenea. Michezo michache tu iliitumia, na mara nyingi iliongeza vumbi, cheche na vipande vya mawe bila kubadilisha jinsi mtu anavyocheza. Mwaka 2008 Ageia ilinunuliwa na Nvidia, na PhysX ikaendelea kama programu. Havok nayo ilinunuliwa na Intel mwaka 2007, kisha na Microsoft mwaka 2015.

Aina mbili za risasi

Watengenezaji wana njia mbili kuu za kushughulikia risasi, na uchaguzi wao hubadilisha mchezo wote.

Njia ya kwanza ni risasi ya papo hapo. Mchezaji anapobonyeza, kompyuta huchora mstari ulionyooka kutoka kwenye mtutu. Kitu cha kwanza kilicho juu ya mstari huo kimepigwa mara moja, hata kiwe mbali kiasi gani. Bastola na bunduki nyingi za Doom hufanya kazi hivyo, na ndivyo zilivyo bunduki za Counter-Strike. Njia hii ni nyepesi kwa kompyuta, na inapendelea macho makali na mkono mwepesi.

Njia ya pili ni kuifanya risasi kuwa kitu kinachosafiri. Huchukua muda kufika na huvutwa chini na uvutano. Roketi za Doom na Quake husafiri bila kushuka, lakini katika mfululizo wa Battlefield na katika PUBG (2017) risasi zenyewe hushuka.

Kiasi cha kushuka kinaweza kukokotolewa kwa hesabu za sekondari, tukiacha upinzani wa hewa. Risasi yenye mwendokasi wa mita 800 kwa sekunde hufika mita 100 kwa sekunde 0.125. Katika muda huo hushuka nusu ya 9.8 mara 0.125 mara 0.125, yaani karibu sentimita 8. Kwa umbali wa mita 400 huchukua nusu sekunde na hushuka karibu mita 1.2. Umbali umeongezeka mara nne, lakini kushuka kumeongezeka mara kumi na sita. Mchezaji aliyelenga kichwa bila kujua jambo hili atapiga miguu au ardhi.

Mfano wa ardhi husaidia kuelewa tofauti ya njia hizo mbili. Chimala, katika wilaya ya Mbarali mkoani Mbeya, ni mji ulio kwenye barabara kuu ya kwenda Zambia. Upande mmoja kuna uwanda wa Usangu wenye mashamba ya mpunga, na upande wa pili milima inapanda ghafla. Barabara ya kwenda Matamba inaupanda mlima huo kwa kona nyingi kali, na hujulikana kwa jina la Hamsini na Saba kutokana na idadi ya kona zake. Kama ramani ya mchezo ingechorwa kwa kufuata eneo hilo, risasi za papo hapo zingempa aliyeko kwenye kona za juu enzi juu ya uwanda wote. Risasi zinazosafiri zingempa aliyeko chini nafasi ya kuponea, kwa kuwa anayekimbia kwenye matuta ya mashamba angekuwa amekwisha kusogea kabla risasi haijafika. Aliyeko juu naye angepaswa kujua kwamba anapolenga kwenye mteremko mkali, kinachohesabika zaidi katika kushuka kwa risasi ni umbali wa usawa, si urefu wote wa mstari wa macho. Ardhi ni ileile na bunduki ni zilezile, lakini michezo ni miwili tofauti.

Athari kwa utamu wa mchezo

Kutabirika. Mchezaji hufurahi anapoona kwamba juhudi zake zinazaa matunda. Bomu la mkono likigonga ukuta kwa pembe ileile na kwa nguvu ileile, linapaswa kudunda vilevile kila mara. Ndipo mtu huweza kufanya mazoezi na kulirusha nyuma ya nyumba bila kuona linapoangukia. Fizikia inayobadilikabadilika bila sababu humfanya aliyeshindwa aone kwamba ameonewa.

Uhuru wa kubuni. Pale vitu vinapofuata kanuni zilezile kila mahali, mchezaji hupata majibu ambayo mtengenezaji hakuyapanga. Pipa huwa ngao, ngazi au silaha. Kuruka kwa roketi katika Quake ni mfano wa jambo hili.

Hisia ya uzito. Bunduki inaporudi nyuma, adui anapopepesuka na sanduku linapovunjika, mchezaji huona kwamba tendo lake lina nguvu. Mwaka 2000 mchezo wa Hitman: Codename 47 ulikuwa miongoni mwa ya kwanza kuufanya mwili wa aliyepigwa uanguke kama mdoli wa matambara, viungo vikifuata uvutano, badala ya kurudia mwanguko mmoja uliochorwa mapema. Hata hivyo mtindo huo una kasoro zake. Viungo vikijikunja kusikowezekana au mwili ukirushwa mbali kwa risasi moja, tukio la kutisha hugeuka kichekesho.

Kujifunza. Katika Counter-Strike bunduki ikifyatuliwa mfululizo hutawanya risasi kwa mchoro maalumu unaojirudia. Mchoro huo haukokotolewi kwa sheria ya tatu ya Newton, bali umeandikwa na watengenezaji. Wachezaji huukariri na kuusahihisha kwa kusogeza kipanya upande wa pili. Bunduki halisi haina mchoro wa namna hiyo, lakini katika mchezo unathamini bidii kuliko bahati.

Fizikia iliyopindishwa kwa makusudi

Michezo mingi hubadilisha kanuni za asili ili mwendo upendeze. Katika Quake na katika Counter-Strike uvutano wa kawaida umewekwa kuwa uniti 800 kwa sekunde mraba. Kwa kipimo kinachotumika sana cha uniti 16 kwa futi moja, hiyo ni takriban mita 15 kwa sekunde mraba, karibu mara moja na nusu ya uvutano wa Dunia. Sababu ni kwamba mchezaji aliye angani hawezi kubadili uelekeo kwa urahisi. Akikaa huko muda mrefu huchoshwa, na tena huwa shabaha rahisi kwa wengine. Halo (2001) ilichagua kinyume chake. Mrukaji wake hupanda juu na kushuka polepole, na mapambano yake yana mdundo mwingine.

Mchezaji pia huweza kukimbia kwa kasi kamili mara moja na kusimama ghafla, jambo ambalo mtu mwenye masi halisi hawezi. Kama kanuni ya inesha ingefuatwa kikamilifu, vidole vingeamuru na mhusika angechelewa kutii, na mchezo ungeonekana mzito.

Wakati mwingine upindishaji hutokea kwa bahati. Katika Quake namna mwendokasi ulivyokokotolewa iliwawezesha wachezaji kuongeza kasi kwa kurukaruka huku wakigeuka upande. Wengi waliupenda ujanja huo, na mashindano yakajengwa juu yake. Watengenezaji wa Counter-Strike waliamua kuupunguza, kwa sababu mchezo wao ulitegemea mbinu na kuvizia zaidi ya kasi.

Mazingira yanayobomoka

Red Faction (2001) iliruhusu mchezaji kutoboa miamba na kuta kwa milipuko. Battlefield: Bad Company (2008) ilifanya kuta za nyumba kuvunjika, na katika toleo la pili (2010) nyumba nzima huweza kuanguka. Aliyejificha ndani hana tena usalama wa kudumu, na mapambano hubadilika kila dakika.

Uwezo huu una gharama. Kila kitu kikibomoka, baada ya muda hakuna pa kujificha, na ramani iliyopangwa kwa uangalifu hugeuka kuwa uwanja mtupu. Rainbow Six Siege (2015) ilitafuta njia ya kati. Kuta fulani, sakafu na dari huvunjika, lakini nguzo na kuta kuu hubaki. Timu mbili za watu watano huamua wapi pa kutoboa na wapi pa kuimarisha. Mipaka hiyo ndiyo inayofanya ubomoaji uwe mbinu.

Michezo ya wachezaji wengi

Watu wanapocheza kupitia intaneti, kila kifaa kinapaswa kukubaliana na vingine kuhusu mahali kila kitu kilipo. Kwa kawaida seva ndiyo mwamuzi. Seva rasmi za Counter-Strike: Global Offensive zilisasisha hali ya mchezo mara 64 kwa sekunde. Lakini habari huchukua muda kusafiri. Ikichelewa kwa sekunde 0.1, mtu anayekimbia mita 6 kwa sekunde atakuwa amesogea sentimita 60, umbali unaotosha kumkosa kabisa.

Ili kurekebisha hali hiyo seva nyingi hurudisha nyuma hesabu hadi wakati ambapo mfyatuaji aliona shabaha yake. Aliyefyatua hutendewa haki, ila aliyepigwa huweza kuona amekufa baada ya kuwa amekwisha kujificha nyuma ya ukuta.

Kwa sababu hiyo watengenezaji hutenganisha fizikia ya maamuzi na fizikia ya mapambo. Njia ya risasi na mahali pa wachezaji hukokotolewa na seva. Vipande vya vioo na mwili unaoanguka mara nyingi hukokotolewa na kila kifaa peke yake, na huenda wachezaji wawili wakaona tofauti bila madhara. Baadhi ya vitu vilivyokuwa mapambo vimehamia upande wa maamuzi. Katika Counter-Strike 2 (2023) moshi wa bomu hujaza chumba kulingana na umbo lake, na risasi au milipuko huufungua kwa muda mfupi, hivyo ni lazima wachezaji wote wauone sawasawa.

Simu janja na Afrika Mashariki

Vijana wengi wa Afrika Mashariki hucheza michezo hii kwa simu janja, na simu nyingi wanazomiliki ni za bei nafuu. Free Fire ya kampuni ya Garena (2017) ilitengenezwa ikizingatia simu za uwezo mdogo. Mchezo wake wa kawaida una wachezaji 50 na huchukua takriban dakika 10. PUBG Mobile (2018) ina wachezaji 100 na ramani kubwa zaidi. Call of Duty: Mobile ilifuata mwaka 2019.

Kwenye simu, kila ukokotoaji hutumia betri na kuzalisha joto. Simu ikipata joto hupunguza kasi ya prosesa yake, picha huanza kukwama, na mchezaji hushindwa kulenga. Kwa hiyo fizikia kidogo inayokwenda bila kukwama huleta raha kuliko fizikia nyingi inayokwama. Nyumba zisizobomoka na miti isiyoyumba si lazima ziwe dalili ya uvivu wa watengenezaji. Mara nyingi ndizo zinazowezesha mwenye simu ya kawaida kushindana na mwenye simu ya gharama.

Nchini Kenya, kampuni ya Black Division Games ya Nairobi ilitoa mwaka 2015 mchezo wa kufyatua risasi uitwao Nairobi X, unaohusu uvamizi wa viumbe kutoka anga za nje katika jiji hilo. Timu ndogo za namna hiyo leo hazilazimiki kuandika fizikia kuanzia mwanzo. Injini ya michezo ya Unity hutumia PhysX kwa michezo ya pande tatu. Unreal Engine ilitumia PhysX hadi toleo la nne, na toleo la tano lina mfumo wake uitwao Chaos. Godot hupatikana bure pamoja na msimbo wake. Kazi inayobaki kwa mtengenezaji ni kuchagua namba: uvutano kiasi gani, risasi iende kasi gani, mlipuko usukume mpaka wapi. Namba hizo hupatikana kwa kujaribu mara nyingi na kuwatazama watu wakicheza.

Matumizi katika elimu

Injini hizi hutumia mada zilezile za fizikia ya sekondari: sheria za Newton, msuguano, msukumo, migongano na mwendo wa kitu kilichorushwa. Mwanafunzi mwenye kompyuta anaweza kusakinisha Godot, kuweka tufe juu ya mteremko, kubadili uvutano kutoka 9.8 hadi 1.6 ambao ni wa Mwezi, na kulinganisha muda wa kuanguka na ule alioukokotoa kwenye daftari.

Kwa upande mwingine, mchezo wenyewe si ushahidi wa sheria za asili. Anayejifunza mwendo kutoka kwenye Quake ataamini kwamba mtu anaweza kugeuka akiwa hewani bila kusukuma chochote, na anayejifunza kutoka kwenye Counter-Strike ataamini kwamba risasi haishuki. Kuzitambua tofauti hizo na kueleza kwa nini mtengenezaji aliziweka ni zoezi zuri la fizikia.

Tazama pia

Sheria za Newton
Uvutano
Msuguano
Mchezo wa video
Programu ya kompyuta